Pesa ya kanisa la ng'ambo: inavyomfikia mtoto wa Bukavu, na pale inapokwama

Mtu anayetoa dola 30 kila mwezi kanisani kwake Uswidi au Marekani hudhani zinamwendea mtoto mmoja wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mtoto wa mtaa wa Cimpunda anayepewa madaftari na biki mwezi wa tisa hudhani ni pasta aliyenunua. Katikati yao wamo mweka hazina wa kanisa la ng'ambo, sheria ya kodi ya nchi yake, benki mbili au tatu, ofisi ya jumuiya inayoyaunganisha makanisa ya huko, kamati ya kanisa la mtaa na mkuu wa shule. Kila mmoja ana kanuni inayomfunga, na magomvi mengi kati ya makanisa washirika huanza kwa sababu upande mmoja haujui mwenzake amefungwa na nini.

Ushirika wenyewe si mgeni Kivu. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Kongo mwaka 1921, na kazi yao ndiyo iliyozaa CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste iliyo ya 8 ndani ya ECC, muungano wa makanisa ya Kiprotestanti Kongo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ni ya jumuiya hiyo, na Wapentekoste wa Uswidi kupitia shirika lao PMU ni miongoni mwa waliosaidia isimame. Lakini hospitali ina ukuta, daftari la wagonjwa na mganga mkuu wa kuulizwa. Kulea watoto walio katika shida ni kazi isiyo na ukuta. Inaingia nyumbani kwa watu, inagusa chungu chao, na mtoto aliyeandikwa leo anaweza kuhamia Uvira kesho bila kuaga.

Mtoto mmoja, picha moja

Mtindo ambao makanisa mengi madogo huiga ulitokana na vita vya Korea. Bob Pierce alianzisha World Vision mwaka 1950, na mhubiri Everett Swanson akaanza mwaka 1952 kazi iliyokuja kuitwa Compassion. Mfadhili mmoja anapewa mtoto mmoja, picha yake na barua zake. Kwamba mtindo huo unaweza kuzaa matunda, hilo limepimwa. Utafiti wa Bruce Wydick na wenzake, uliotoka mwaka 2013, uliwaangalia watu waliofadhiliwa na Compassion utotoni katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda, ukakuta walikuwa wamesoma zaidi kwa mwaka 1.03 hadi 1.46 kuliko ambavyo wangesoma bila msaada.

Ila matokeo hayo ni ya programu yenye wafanyakazi wa kulipwa, kituo cha kukutania na watoto wanaofuatwa kwa miaka mingi mfululizo. Parokia inayochukua picha na barua tu, bila hao wafanyakazi na hiyo miaka, imeiga upande wa bei rahisi. Sisi tunasema wazi: kwa kanisa la mtaa lenye kamati ya watu wa kujitolea, kufadhili nyumba kunafaa kuliko kufadhili sura moja moja.

Sababu inaonekana nyumbani. Chukua bibi wa Cimpunda anayelea wajukuu watano, mmoja kati yao akiwa kwenye orodha ya kanisa. Huyo mmoja anapata viatu, shati jeupe, sketi ya bluu na madaftari kumi na mawili. Dada yake anayeteka maji asubuhi hapati kitu. Ikifika katikati ya mwezi wa kumi, bibi ameuza madaftari matano anunue ufu (unga), na sketi inavaliwa kwa zamu, asubuhi na mmoja, mchana na mwingine. Kamati inaandika kwamba mlezi "anatumia vibaya msaada". Bibi hajaiba chochote. Hesabu ilipangwa kwa mtoto mmoja katika nyumba ambamo sita wanakula chungu kimoja.

Sheria za ng'ambo nazo zinaelekea upande huohuo, jambo ambalo mapasta wengi hawaambiwi. Marekani, sadaka iliyotajwa kuwa ya mtu fulani kwa jina haimpunguzii mtoaji kodi. Shirika linalopokea lazima liwe na mamlaka kamili juu ya pesa hizo. Ndiyo maana mashirika makubwa huandika kwamba michango inaingia mfuko wa pamoja, hata kama tangazo linaonyesha uso mmoja. Uingereza, serikali humwongezea mpokeaji peni 25 kwa kila pauni kupitia Gift Aid, na wadhamini wa shirika wanawajibika kuonyesha kwamba pesa zilizovuka mpaka zilifanya kazi iliyotajwa. Kwa hiyo kanisa la ng'ambo likidai taarifa kila miezi mitatu, si kwamba linamshuku pasta. Na mfadhili akiandika "hizi ni za mtoto wetu peke yake, mnunulieni baiskeli", pasta ana haki ya kujibu kwamba zitaingia mfuko wa wote.

Nani anaandikwa

Orodha ikitungwa na pasta peke yake, wa kwanza kuandikwa watakuwa watoto wa mashemasi. Si lazima awe mwizi. Hao ndio anaowaona kila Jumapili, na mtoto aliye katika shida kuliko wote mara nyingi haji kanisani kwa kukosa nguo. Kamati inayofaa ina watu saba hivi: akina mama wanne, mwalimu mmoja, shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) au mtu wake, na mtu mmoja wa kanisa jingine. Huyo wa mwisho ndiye anayepingwa sana, na ndiye mwenye faida kuliko wote, kwa sababu hana shemeji kwenye orodha.

Ziara ya nyumbani inafanywa na watu wawili, bila taarifa, saa kumi na moja jioni wakati moto umewashwa. Maswali yawe ya jana. Ukiuliza "kwa kawaida mnakula mara ngapi?" utajibiwa kile mtu anachofikiri kitamletea msaada. Uliza jana mlikula nini na saa ngapi, usiku walilala watu wangapi humu, nani hakwenda masomo wiki iliyopita, nani anatafuta pesa na jana alirudi na kiasi gani. Angalia makala (makaa) yamenunuliwaje: anayenunua kwa kisachet, yaani kifuko kidogo, kila jioni anaishi kwa pesa ya siku hiyo, mwenye gunia pembeni ana pumzi kidogo. Anza na mtoto asiyesoma, mlezi mgonjwa au mzee sana, na nyumba inayoongozwa na mtoto. Neno "yatima" peke yake halitoshi. Katika takwimu za UNICEF, yatima ni hata aliyefiwa na mzazi mmoja, na kuna yatima wanaoishi kwa shangazi mwenye duka na watoto wenye wazazi wote wawili wanaolala njaa mtaani Nyamugo.

Majina yakishapatikana, yasomwe mbele ya wawakilishi wa mtaa kabla ya kutumwa ng'ambo. Hapo ndipo hugundulika kwamba mtoto yuleyule ameandikwa na miradi mitatu kwa majina matatu. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa asiachwe nje. Kumtafutia ndio uwe msaada wa kwanza. Sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa kwa kumwandikisha mtoto, na zikipita inabidi kupata hukumu ya mahakama ya watoto. Hilo lina gharama na safari kadhaa, na makanisa machache huliweka kwenye bajeti.

Barabara ya pesa

Parokia kwa kawaida haina hadhi yake ya kisheria. Inafanya kazi chini ya ile ya jumuiya, kwa sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inayohusu mashirika yasiyo ya faida. Hivyo pesa hupitia akaunti ya jumuiya, na hapo kuna fungu linalobaki ofisini. Fungu hilo si kosa, maana mhasibu naye hula. Kosa ni kulificha. Asilimia yake iandikwe kwenye mkataba wa makanisa washirika, pamoja na siku ambazo ofisi inaruhusiwa kukaa na pesa kabla ya kuzitoa. Siku kumi na nne zinatosha.

Kisha kuna makato. Tuseme kila utumaji unaliwa dola 45 na benki zilizo njiani. Ukituma dola 300 kila mwezi, umepoteza asilimia 15. Ukituma 900 mara moja kwa robo mwaka, ni asilimia 5. Fomu ya benki ya ng'ambo ina chaguo la nani alipe makato: OUR maana yake mtumaji analipa yote, SHA mnagawana, BEN mpokeaji anabeba. Makanisa mengi huacha SHA bila kufikiri, halafu mkutano mzima wa ushirika unatumika kutafuta dola 38 zilizopungua.

Jina nalo liwe lilelile lililo kwenye akaunti, herufi kwa herufi. Pesa ikitumwa kwa jina la parokia wakati akaunti ni ya jumuiya, inaweza kurudi baada ya wiki kadhaa ikiwa imekatwa mara mbili. Tangu Oktoba 2022 Kongo iko kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kusimamia usafi wa fedha, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu katika vita dhidi ya utakatishaji wa fedha, kwa hiyo benki za ng'ambo huuliza maswali zaidi. Neno "msaada" kwenye nafasi ya sababu halitoshi. Andika "ada za shule, muhula wa 2, wanafunzi 40", na mkataba uwe tayari kutumwa ukiombwa.

Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, benki zikafungwa na uwanja wa Kavumu ukaacha kupokea ndege. Makanisa yaliyokuwa na njia moja tu ya pesa yalikwama siku hiyohiyo. Yaliyobaki na pumzi ni yale yaliyokuwa na simu ya kupokelea pesa iliyosajiliwa kwa jina la mradi, au akaunti upande wa Kamembe, Rwanda. Simu ina gharama zake: wakala hukosa noti, na anayezo hupandisha bei ya kutoa. Kuvuka Ruzizi, mto wa mpakani, na pesa taslimu kuna hatari yake. Asiende mtu mmoja, siku zibadilike, na isitangazwe kanisani kwamba "msaada umefika".

Noti zenyewe zina masharti. Dola iliyochanika ukingoni hata milimita tatu, yenye muhuri au wino, au ya toleo la zamani, mbadilishaji ataigeuza kwenye mwanga na kukurudishia, au aichukue kwa bei ya chini. Noti ya dola 1 sokoni ni kama karatasi tu. Mgeni anayeleta sadaka mfukoni aambiwe mapema alete noti mpya za 50 na 100. Kila taarifa ionyeshe faranga na dola pamoja, na kiwango cha siku ile ya kubadilisha. Bila hicho, tofauti ya kiwango peke yake huonekana kama wizi.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kulipa shule moja kwa moja, kwa orodha ya wanafunzi, na kupata risiti yenye muhuri. Sokoni Kadutu mambo ni tofauti, mama wa maharagi hana fakta, yaani ankara. Mkataba ukidai fakta kwa kila kitu, mweka hazina ataishia kununua fakta tupu zenye muhuri na kuzijaza nyumbani. Hapo mtu mwaminifu amekuwa mghushi kwa sababu ya kanuni ya uhasibu. Dawa yake ni hati ya malipo ya kamati yenyewe: tarehe, bidhaa, kilo, bei, jina na simu ya muuzaji, alama ya kidole chake, saini mbili za kamati. Ipigwe picha siku hiyohiyo. Kanisa la ng'ambo likubali hati hiyo kwa maandishi tangu mwanzo.

Ada ambayo haipo, na ile iliyopo

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, kama Katiba ya 2006 ilivyosema katika kifungu cha 43. Shule zinazosimamiwa na makanisa kwa mkataba wao na serikali wa 1977 zimo humo. Taarifa inayosema "tumelipa minervale (ada) ya watoto 60 wa msingi" katika shule ya aina hiyo inastahili swali. Jibu linaweza kuwa la kweli: wako walimu ambao serikali bado haijawaingiza kwenye mishahara, na wazazi huombwa primu, yaani nyongeza ya kumlipa mwalimu, chini kwa chini. Kanisa likilipa primu hiyo, linasaidia kuirudisha ada iliyofutwa, na mzazi asiye na mfadhili ndiye atakayefukuziwa mtoto. Msingi unahitaji sare, madaftari, viatu na chakula. Ada nzito iko sekondari, hasa mwaka wa mwisho wenye gharama za Examen d'État (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), na huko ndiko wasichana wengi huachia njiani. Dola zielekee huko.

Kalenda nayo hutesa. Shule inadai mwezi wa tisa. Kanisa la ng'ambo linakusanya sana Krismasi. Pesa inafika mwezi wa pili. Mtoto amefukuzwa tangu mwezi wa kumi. Usimwandike mtoto yeyote kabla akiba ya muhula mzima haijakaa kwenye akaunti.

Kisanduku cha bluu

Nyumba isipopata mapato yake, ufadhili hauna mwisho. Kivu tayari ina chombo cha hilo, MUSO, kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana, na akina mama wanakifahamu kuliko mshauri yeyote wa miradi. Kikundi kina visanduku vitatu. Cha kijani kinapokea akiba na kutoa mikopo. Chekundu ni cha msiba, ugonjwa na uzazi. Cha bluu ni cha pesa inayotoka nje. Mara nyingi kila kisanduku hufungwa kwa kufuli zaidi ya moja, na funguo zikakaa kwa watu tofauti.

Pesa ya kanisa la ng'ambo mahali pake ni kwenye cha bluu, na kosa linalorudiwa ni kuijaza mapema. Kikundi cha mwezi mmoja kikipewa dola 500, wanachama huziita zawadi na hakuna anayerudisha. Subiri mzunguko mmoja uishe, miezi tisa hadi kumi na miwili, uone cha kijani kinazunguka chenyewe. Hapo ndipo mama wa sambaza (samaki wadogo) au wa makala akopeshwe kutoka cha bluu, kwa riba ileile ya kikundi. Mlezi mzee sana au mgonjwa asilazimishwe kukopa. Huyo apewe chakula bila masharti, na iandikwe hivyo.

Kumtoa mtoto nyumbani, kumpiga picha

Kufungua kituo cha yatima huvutia wafadhili, kwa kuwa jengo linapigika picha. Tunashauri kuliepuka. Wengi wa watoto wanaowekwa vituoni wana mzazi au ndugu aliye hai, na kituo kikiwa na chakula na shule, nyumba maskini huleta watoto kuliko kikiwa hakipo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Desemba 2019, lilitaka familia zisaidiwe kwanza. Kongo, kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kumweka mtoto nje ya nyumbani ni kazi ya mfanyakazi wa jamii na jaji wa mahakama ya watoto. Pasta hawezi kumkabidhi mtoto kwa mtu kwa barua ya kanisa, sembuse kwa mgeni anayetaka kusafiri naye. Mwaka 2013 Kongo ilisimamisha hata vibali vya kutoka nchini kwa watoto waliokwisha kuasiliwa na wageni, baada ya mashaka juu ya namna walivyopatikana.

Kuna jambo jingine ambalo mkataba lazima uliseme bila haya. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na baadhi ya watoto walio barabarani Bukavu walifukuzwa nyumbani kwa tuhuma iliyothibitishwa na mhubiri. Kanisa linalopokea pesa za watoto huku likiendesha maombi ya "kufungua" watoto hao halistahili senti. Vilevile awepo mtu anayepokea malalamiko ambaye si pasta wala mke wake, na kila mjumbe ajue kwamba mtoto aliyebakwa anatakiwa kufika hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazifai tena. Kikao cha wazee kuhusu aibu ya familia kisubiri.

Picha: jina la kwanza tu, au la kubuni, bila jina la avenyu, bila nembo ya shule, na kwa ruhusa ya mlezi ambaye ameelezwa kwamba itaonekana ng'ambo. Katika mji wenye watu wenye silaha, picha inayoonyesha kwamba nyumba fulani inapokea dola ni hatari. Wageni wa wiki mbili wakae na kamati na walimu. Kucheza na watoto siku kumi halafu kutoweka hakumsaidii mtoto ambaye tayari ameachwa mara moja.

Kuhusu kontena la nguo na vitabu, jibu fupi ni hapana. Bandari, usafiri wa barabara, DGDA (forodha), OCC (ukaguzi wa bidhaa) na siku za kusubiri karatasi za msamaha wa ushuru hula zaidi ya thamani ya mzigo, na nguo za chagua (mitumba) zimejaa Kadutu.

Siku ya kuagana

Kanisa la ng'ambo hubadilisha pasta, au waumini wake huzeeka na sadaka ikapungua. Kwa kawaida barua huja mwezi wa sita ikisema mwezi wa tisa hakuna kitu. Ndiyo maana kifungu cha kuagana kiandikwe mwaka wa kwanza, wakati wote bado wanapendana: taarifa ya miezi kumi na miwili, hakuna mtoto mpya tangu siku ya taarifa, walio miaka miwili ya mwisho ya sekondari wanalipiwa hadi Examen d'État, kisanduku cha bluu kinabaki mali ya kikundi, picha zinafutwa kwenye mitandao ya mshirika. Mafaili ya watoto yabaki Bukavu, kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo wa pili akae nao mjumbe yule wa kanisa jingine.